Nekesa Asimame Wapi na Kamera Yake

Mpendwa Mama Nekesa,

"Lenzi ndefu ni ya waoga. Mpiga picha wa kweli husimama pale anapoweza kunusa jasho la mtu anayempiga."

Maneno hayo si yangu, na ungekuwapo ungejua hivyo kabla sijamaliza kuyasoma. Yalisemwa na bwana mmoja anayefundisha vijana kupiga picha, ndani ya ukumbi wa kanisa hapa mjini, na binti yako alikuwa ameketi mstari wa mbele akiyameza yote. Aliporudi nyumbani aliyarudia mezani kwangu, kijiko mkononi, macho yanawaka, ugali wake unapoa.

Tangu siku hiyo namjibu bwana huyo. Namjibu nikinyoa ndevu, namjibu nikiwa nyuma ya boda boda kwenda kazini, hata kuna dereva mmoja aliniuliza kama naongea na yeye. Anazungumzia uoga. Haya, tuanze hapo. Mtu wa eksirei akitaka kukupiga picha ya mbavu hutoka chumbani na kufunga mlango nyuma yake, na hakuna mgonjwa aliyewahi kumwita mwoga. Refa hasimami katikati ya miguu ya mshambuliaji, kwa sababu kazi yake ni kuona, na mtu aliyebanwa haoni. Kuhusu jasho, mimi nimesoma magazeti tangu nikiwa mvulana wa kaptura na sijawahi kunusa picha hata moja. Na mwalimu mwenyewe, huyu shujaa wa jasho, aliacha barabara zamani. Siku hizi anapiga picha za harusi. Jasho analonusa ni la wapambe wanaocheza ndani ya hema, halafu wanampa keki.

Hapo ungenicheka. "Leo unapigana na nani, Baba Nekesa?" Ndivyo ulivyozoea kuniuliza kila uliponikuta nimeinamia karatasi, naandika barua ya ubishi, na taya limekaza. Nami nilikutajia: mwakilishi wa wadi, mchungaji fulani, mwandishi wa Nairobi aliyeandika upuuzi kuhusu bei ya mahindi bila kuwahi kushika jembe. Ulisikiliza mpaka mwisho, kisha ukasema, "Mpige basi, lakini chai inapoa."

Leo naogopa, Mama Nekesa. Ugomvi huu wote ni kelele za mtu anayeogopa, na wewe ndiye pekee ninayeweza kumwambia hivyo bila kuona haya.

Acha nikueleze jambo lenyewe. Ile kamera unaikumbuka. Ilifika nyumbani ukiwa bado una nguvu za kuketi kitandani, ukaomba uipakate, ukasema ni nzito kama mtoto aliyeshiba. Nekesa akakupiga picha moja, akaivuta kwenye kioo cha nyuma, akaivuta tena, mpaka ukaona uzi uliokatika kwenye pindo la leso yako. Ukamrudishia haraka. "Hii kitu haina adabu," ulisema. "Inaona mpaka mahali sijafua."

Ulikuwa umesema kweli yote ya kamera hiyo, ila wakati ule sisi wawili tulicheka tu.

Baadaye alinieleza vizuri. Kamera ya namna hiyo ina uwezo wa kuchora kila unywele, lakini haina jicho lake yenyewe. Jicho ni lenzi. Yeye alikuwa bado anatumia lenzi ndogo ya plastiki aliyoitoa kwenye kamera yake ya zamani, na picha zilipokuzwa zilikuwa kama zimepigwa kupitia dirisha la jikoni. Nilimuuliza kwa nini, ikiwa kamera ni ya maana kiasi hicho.

"Baba, kamera inachora tu chenye lenzi imeiletea. Lenzi ikileta ukungu, itachora ukungu. Lakini ukungu safi kabisa, hadi utaupenda."

Basi anahitaji lenzi inayoitosha kamera, lenzi kali mpaka kwenye pembe, na anaweza kupata moja tu. Tangu hapo nimesoma juu ya lenzi kuliko nilivyosoma juu ya katiba. Nimejifunza kwamba mtu anayechagua lenzi moja anachagua mahali atakaposimama maisha yake yote ya kazi. Ukichukua fupi, itakulazimu uende karibu, maana ukikaa mbali watu wote wanakuwa sisimizi. Ukichukua ndefu, itakulazimu urudi nyuma, maana ukisogea unapata pua peke yake. Duka linakuuzia kioo, na ndani ya kioo kuna hatua zako.

Sasa unaelewa kwa nini yule bwana wa jasho amenikosesha amani. Alikuwa anamwambia mtoto wetu asimame wapi.

Nataka nikukumbushe siku moja ambayo ulikuwapo na hukuwapo. Siku tuliyokuzika kule nyumbani Lugari. Unajua desturi yetu: kabla ya kaburi, picha. Mshereheshaji akashika kipaza sauti, akaanza kuita watu kwa makundi kama mwalimu wa gwaride. "Watoto wa marehemu! Wakwe! Akina mama wa kikundi, kutoka Langas! Kwaya, mjipange, wafupi mbele!" Kila kundi likasimama nyuma ya jeneza lako, likanyoosha shingo, likatazama mbele kama linapigwa picha za kitambulisho. Na mpiga picha, kama kawaida, husimama hapo hapo miguuni pa jeneza, ananyanyua mkono, anasema "moja, mbili," anaita wengine.

Nekesa alikataa tuite mpiga picha wa nje. Alisema mama yake atapigwa na yeye. Lakini saa ilipofika, akaenda kusimama mbali, ukingoni mwa shamba la ndizi, na lenzi ya wastani aliyoazima kwa rafiki yake. Kaka yangu mkubwa, unamjua asivyoweza kunong'ona, akapaza sauti.

"Huyu ni mpiga picha gani anasimama kwa ndizi? Nekesa! Kuja hapa karibu! Mama yako haumi!"

Watu wakacheka, hata wale waliokuwa wanalia. Shangazi yake akaongeza, "Mwache, anapiga ndizi. Tutapewa albamu ya ndizi." Nekesa hakusogea. Alijibu kwa sauti ndogo, na kwa sababu watu walikuwa wamenyamaza kumsikiliza, sote tulisikia.

"Kutoka hapa nawaona wote. Nikija hapo nitaona sanduku tu."

Hakuna aliyemwita tena.

Picha za makundi zilitoka kama picha za makundi. Lakini kati ya kundi na kundi, wakati watu walidhani kamera imepumzika, alikuwa anaendelea. Kuna moja ambayo siionyeshi mtu. Kwaya inaondoka, akina mama wanakuja, na mimi nimebaki peke yangu kando yako. Kitambaa cheupe cha jeneza kimejikunja pembeni, na mkono wangu unakinyoosha, unakivuta kidogo, unakipapasa, kama ulivyokuwa ukifanya wewe kwenye kitambaa cha meza wageni wakiwa mlangoni. Sikujua nilifanya hivyo. Hakuna mtu angeweza kunifanya nifanye hivyo huku ameniwekea kamera puani. Ile picha ilipigwa kutoka kwenye ndizi, na inaonekana mpaka kucha yangu iliyopasuka.

Hiyo ndiyo hoja yangu kwa bwana wa jasho. Ningeweza kuishia hapo na kumshinda. Lakini woga haujali nani ameshinda.

Kisha yakaja maandamano. Vijana walijaa mjini, na Nekesa sasa anauza picha kwa kurasa za habari, ambazo wahariri wake humwandikia "sogea" kila mara, kwa hiyo akaenda. Safari hii aliazima lenzi ndefu, nyeusi, ndefu kama mkono wangu kutoka kwenye kiwiko. Asubuhi ilikuwa mezani kando ya mkate. Niliishika, nikaisifu. Nilifurahi kwa sababu niliona umbali ndani yake. Alisema atasimama kwenye baraza la ghorofa ya kwanza, juu ya maduka, na hatashuka. Nikafikiri, sawa, huko juu hakuna jiwe litakalomfikia.

Mimi nilikuwa chini, mlangoni mwa duka la vitabu, nikijifanya ninanunua kalamu. Vijana walikuwa wanaimba. Askari walikuwa upande wa pili wa barabara. Wote walikuwa watulivu kwa namna ile ambayo watu wanakuwa watulivu wakiwa wameshika vitu. Ndipo mama mmoja aliyekuwa anauza soksi akatazama juu na kupiga yowe.

"Juu! Juu pale! Mtu ana bunduki!"

Barabara yote ililala. Wengine walikimbia, wengine walianguka juu ya wenzao, soksi zikatawanyika. Nami niliinua macho. Mama Nekesa, mimi niliyeishika ile lenzi asubuhi, mimi niliyeisifu karibu na mkate, niliinua macho nikaona bunduki. Niliona mtambo mweusi umetulia ukingoni mwa baraza na mdomo wa duara umetuelekea. Nilitaka kupiga kelele kama wale wengine. Ndipo nikaona kilemba. Kilikuwa chako, kile cha zambarau.

Kijana mmoja alishaokota jiwe. Askari mmoja aligeuza uso juu, na mkono wake ukashuka kiunoni. Haukuendelea zaidi ya hapo, na sitamsingizia. Alikuwa ameona nilichokiona mimi, baba yake Nekesa. Nekesa akainua mikono yote miwili, kamera ikining'inia shingoni, akapiga kelele mpaka sauti ikakatika. "Ni kamera! Jamani ni kamera! Mimi ni wa picha!"

Hakuna kilichotokea. Jiwe likadondoshwa. Mtu akacheka. Mama wa soksi akaanza kuokota mali yake huku akimtukana Nekesa, "We msichana, utatuua na presha!" na Nekesa akaomba msamaha kutoka juu kama mtu yuko altareni. Hakuna kilichotokea kabisa, na tangu siku hiyo nikipita mjini natembea nikitazama mabaraza ya ghorofa.

Ningependa kukwambia hiyo ndiyo hofu yote. Lakini kwenye kadi ya kamera kulikuwa na nyingine, nayo ilikuja kwetu kwa miguu.

Ukurasa mmoja wa habari ulichukua picha yake ya siku hiyo, ukaiweka mtandaoni kwa ukubwa wake wote, haukupunguza hata kidogo. Ni picha ya msichana aliyeinua bendera. Ni nzuri, watu waliisifu, nami nilijivuna ofisini. Baada ya siku chache Mama Kevo alibisha mlango. Ni yule yule jirani yetu wa mboga, aliyekaa na wewe wiki ya mwisho. Alikataa kiti.

"Baba Nekesa, sikuja kwa ubaya."

"Najua, Mama Kevo. Kaa basi."

"Hapana. Nimekuja kuomba. Hiyo picha ya Nekesa, aitoe."

Nikamwambia Kevo hayumo, ni msichana tu na bendera. Akanipa simu yake. Akaniambia niivute na vidole. Nikavuta. Nyuma ya bendera kuna watu. Nikavuta. Nyuma ya watu kuna watu wengine. Nikavuta tena, na hapo, kwenye sehemu ya picha ambayo ningeifunika na ukucha, Kevo amebeba mtungi wa maji, ananywesha mtu, na kovu lake la nyusi linaonekana kana kwamba ameketi sebuleni kwetu.

"Kuna watu wamekuja kuuliza analala wapi," Mama Kevo alisema.

"Watu gani?"

"Sijui. Walikuwa na gari na hawakusalimia."

Kevo amepelekwa kwa shangazi yake Chepsaita. Anachunga ng'ombe, hashiki simu. Mama yake akinipita njiani bado ananisalimia, ananiuliza hali ya Nekesa, na salamu hiyo ni nzito kuliko matusi. Nekesa aliwapigia wenye ukurasa. Walimwambia picha imeshaenda mbali, na kwamba anapaswa kufurahi.

Hapo nilielewa ulichosema kitandani. Haina adabu. Inaona mpaka mahali hatujafua.

Kwa hiyo hesabu yangu ikawa hivi. Akisogea karibu, watampiga. Akisimama mbali akiwa na mtambo mrefu, watadhani anataka kupiga. Na akisimama popote pale na lenzi kali, anawafichua watu ambao hakuwa hata anawatazama. Nilimwekea hayo mezani Jumapili baada ya kanisa. Nilikuwa nimejiandaa kama wakili.

"Kwa hivyo unataka nifanye nini, Baba? Niuze kamera, nifungue saluni?"

"Saluni ina ubaya gani?"

"Nitachoma watu nywele. Unajua vile mimi niko."

"Nekesa, mimi siogopi picha. Nakuogopea wewe."

"Na mimi naogopa," akasema, akashusha uma. "Unafikiri siogopi? Siku ile kwa baraza nilikojoa kidogo. Hiyo sijaambia mtu." Kisha akanitazama na jicho lako lile la ubishi. "Lakini siachi. Niambie kitu kingine."

Nikamwongezea mchuzi. Nilikumbuka ile studio ya nyuma ya soko tulipokwenda kupiga picha ya uchumba, na pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Mpiga picha alisema, "Dada, sogea kwa bwana, sogea, sogea." Wewe ukamjibu, "Mimi nimefika. Wewe vuta mashine yako." Maskini ya Mungu akavuta mashine yake. Ubishi huu huyu mtoto hakuutoa kwangu.

Jumamosi tulikwenda pamoja dukani, mjini. Mwenye duka ni mzee mmoja wa kutoka Nyeri, mpole, aliyetandika kitambaa cheusi juu ya kaunta na kuweka lenzi moja moja kama mayai. Alimuuliza Nekesa anapiga picha za nini, ili ajue ampe ipi. Nilidhani atasema maandamano, au habari, au watu. Alisema, "Nataka ile ningesimama nayo kwa mazishi ya mama yangu, na ile ningeshika barabarani mtu asidhani ni kitu kingine. Iwe ni hiyo hiyo moja." Mzee hakushangaa. Alimletea fupi, na ndefu, na moja ya katikati, nene na fupi kama kikopo cha maziwa ya unga, ya milimita themanini na tano, yenye mdomo mpana unaoweza kufunguka sana.

Kisha Nekesa akaniomba nivuke barabara.

"Simama pale karibu na mama wa machungwa. Wewe ndio maandamano."

Nikavuka. Nikasimama. Yeye akabaki mlangoni mwa duka, akafunga fupi kwanza, akapiga. Nilimwona akitikisa kichwa; ilibidi aje hadi katikati ya barabara ili anipate, na pikipiki ikampigia honi. Nikampungia mkono arudi. Akarudi, akafunga ile ndefu, akainua. Sijui nikuelezeje. Nilijua ni mtoto wangu. Nilijua ni kioo na plastiki. Lakini kile kitu kilipotulia kikanitazama, mgongo wangu wote uliingia baridi mchana kweupe, na mama wa machungwa akavuta kiti chake nyuma bila kuambiwa. "Huyo ni wako?" akaniuliza. Nikasema ni wangu. "Mwambie asitunyooshee," akasema.

Akafunga ya katikati. Ilikuwa ndogo usoni pake, nikaona kidevu, nikaona kilemba, nikaona kwamba ni mtu anayepiga picha. Hata mama wa machungwa aliirekebisha leso yake na kutabasamu.

Tulitazama picha tukiwa wote watatu tumeinamia kile kitambaa cheusi. Alifungua ile ya mwisho. Kutoka ng'ambo ya barabara, kwenye picha nzima mimi nilikuwa mdogo. Nekesa akaikata, akabakiza kichwa na mabega, na kwa sababu kamera ina uwezo wa kupita kiasi na lenzi iliitosha, nilibaki mzima. Hakupoteza kitu. Niliona mvi za masikioni. Niliona shati langu halijapigwa pasi kwenye kola, na nikakukumbuka. Na watu waliokuwa wakipita nyuma yangu kwenye njia ile nyingine walikuwa wameyeyuka. Mzee alieleza kwamba ule mdomo mpana ukifunguliwa wote, unamshika mmoja na kuwaachilia wa nyuma, wanakuwa rangi tu. Nikavuta na vidole kama Mama Kevo alivyonifundisha. Rangi tu. Hakukuwa na kovu la mtu yeyote.

Nekesa hakuwa anatazama nyuma. Alikuwa anatazama uso wangu.

"Baba. Mbona unaogopa hivi?"

Nikajitazama tena kwenye kioo cha kamera. Nilikuwa nimevaa uso wangu wa kawaida, ule ninaobishana nao. Nilidhani.

"Sijawahi kukuona hivi," akasema. "Hata siku ya mama."

Akaichukua hiyo. Mzee akaifunga kwenye sanduku lake. Nilitaka kufurahi, maana nilikuwa nimepata ushahidi wa kumzika yule bwana wa jasho mara moja na kwa yote: mtoto amesimama ng'ambo ya barabara, hakunusa chochote, na ameona ndani yangu kitu nilichokuwa nimekificha hata kwako na kwa Mungu. Lakini tulipokuwa tunatoka, Nekesa aliivuta ile picha kando kidogo. Mama wa machungwa alikuwa amesimama bega kwa bega nami. Alikuwa umbali ule ule niliokuwa mimi. Lenzi haikuwa imemwachilia. Alikuwa wazi kabisa, mpaka hereni.

"Wa nyuma wanapotea," Nekesa alisema. "Wa kando hawapotei. Hao inabidi mtu awafunike na mkono, moja moja, kabla picha itoke. Na mimi nikifanya hivyo, wahariri wanasema nimeiharibu, niwatumie ile ya kwanza."

Hapo ndipo tulipofika, Mama Nekesa. Tumepata lenzi inayofaa kwa kadiri kioo kinavyoweza kufaa. Inamweka mbali kidogo, inaonekana kuwa ni kamera, inawasahau walio nyuma. Yaliyobaki hayauzwi kwenye duka lolote.

Leo wako barabarani tena. Ni saa nane mchana. Aliondoka na ile mpya, kilemba chako kichwani kwa sababu nilimwomba akivae, nikitokea huko niweze kumtambua haraka. Nimewasha redio nimeizima. Simu iko mezani, na kila ikinyamaza nadhani imeharibika. Niliwahi kuwaandikia watu wakubwa bila kufuta neno hata moja. Leo nimefuta neno "barabarani" mara nyingi kabla halijasomeka. Siwezi kukuomba umlinde. Sijui huko mnaruhusiwa nini. Nakuomba tu ukae nami hapa kidogo mpaka mlango ugongwe, kama ulivyokaa siku alipofanya mtihani wake wa mwisho, unashona huku hushoni. Pumzika vyema. Kaburi lako limepaliliwa. Kaka yangu alinitumia picha, aliipiga kwa karibu mno, yanaonekana majani tu.

Lakini barua hii nimeiacha wazi kwa sababu kuna wengine nataka waisome. Ninyi wahariri, na ninyi wenye kurasa za habari mnaopokea picha za Nekesa na za watoto wa watu wengine hapa Eldoret, mnajijua. Msimwandikie tena mtoto yeyote neno "sogea." Akiwatumia picha aliyofunika nyuso za walio kando, itoeni kama alivyoileta, na msimdai ile ya kwanza. Na ile ya msichana wa bendera, ambayo bado iko kwenye ukurasa wenu kwa ukubwa wake wote, iondoeni leo, kabla hamjala chakula cha jioni. Mama yake Kevo anaweza kuwaonyesha mahali pa kuvuta.

Mumeo,
Baba Nekesa
Langas, Eldoret